Kabla hujawaleta wenzako Maziwe

Mwanangu Saumu,

Ama baada ya salamu, mama yako kaniambia Ijumaa mnaingia Pangani, wewe na wenzako wa chuo, na Jumamosi mnavuka kwenda kisiwa cha Maziwe. Karibuni sana. Si kila mtoto anayesoma mjini anaona fahari kuonyesha kwao, na kwa hilo nimefurahi.

Lakini ile picha uliyoituma, umemwinua kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, juu ya maji huku unacheka, imeninyima usingizi. Yule anapumulia majini. Mlipokuwa mkipokezana kupiga picha, yeye alikuwa anakosa pumzi. Wenzako hawakujua. Wewe mtoto wa mvuvi ulijua.

Maziwe wamekihifadhi tangu 1975. Wazee walikikuta na miti. Leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa halionekani. Hata hivyo kasa bado wanapanda kutaga, na mayai yakionekana huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasizame. Basi mkikuta mburuzo wa kasa mchangani, kama tairi la trekta limepita, msiukanyage wala msifukue. Mwiteni nahodha.

Na huyo nahodha mwambie mapema, nanga ishuke mchangani, isishuke kwenye matumbawe. Usimwonee haya kwa kuwa ni mkubwa kwako. Tumbawe lile la mviringo kama kichwa hukua kama sentimita 1 kwa mwaka, pengine isifike, na mtu akichoka kuogelea ndipo anaposimama. Asiyejua kuogelea avae jaketi, asitafute pa kukanyaga. Wavae na fulana za mikono mirefu kujikinga na jua, maana hayo mafuta ya jua mengine yana dawa inayodhuru matumbawe. Makombe yabaki pale pale, kaa wadogo wanahamia humo.

Usinijibu kwamba kila mgeni hufanya hivyo. Wageni watakutazama wewe. Ukimshika kiti cha pweza, nao watamshika. Mwangalieni chini ya maji, anapendeza hapo hapo alipo.

Chupa mtakazokwenda nazo zirudi zote, nitawangoja pwani na gunia.

Wavulana watalala kwa baba yako mdogo, wasichana chumba cha bibi. Bati la upande wa dirisha linavuja, nimeweka ndoo, msiiondoe. Mama yako anataka unga wa ngano na iliki, na mkipita Tanga mjini mchukulie cherehani yake kwa fundi. Nimeshamlipa, asikudai tena.

Ni mimi baba yako.