Shule kongwe zipimwe na kuchorwa kabla mafundi hawajaingia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu ukarabati wa shule kongwe. Tangu serikali ilipoishika kazi hiyo kwa nguvu, mwaka 2016 hivi, mabweni mengi yaliyokuwa yakivuja sasa yanalalika na vyoo vinatumika. Kwa hilo sina ugomvi na mtu. Ninachougulia ni jambo lisilofikia hata bei ya lori moja la saruji: tunabomoa, tunapaka rangi na kubadilisha kabla hatujaandika tulichokikuta.

Chukua Tabora Boys. Waingereza waliianzisha katika miaka ya 1920, na nia yao haikuwa kumsomesha kila mtoto. Gavana Donald Cameron, aliyeshika nchi kuanzia 1925 hadi 1931, alikuwa akijenga utawala wa kupitia kwa machifu, na utawala huo ulihitaji warithi wanaojua kusoma, kuandika na kutunza hesabu. Wana wa machifu wakapewa nafasi ya mbele. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora tangu 1912, na mwaka 1928 tawi la kwenda Mwanza likakamilika, kwa hiyo kijana wa Pwani na wa Kanda ya Ziwa wote waliweza kuletwa.

Mpango huo ukawageukia wenyewe. Mwaka 1937 akaingia mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, Julius Nyerere. Wakapita pia Rashidi Kawawa na Oscar Kambona, na Abdallah Fundikira, aliyekuja kuwa mtemi wa Unyanyembe na baadaye waziri wa sheria. Shule iliyokusudiwa kuimarisha uchifu ikalea watu ambao serikali yao iliufuta mwaka 1963. Sijui kama kuna jengo lingine nchini linaloweza kusimulia kisa hicho kwa mkato kama lile. Lakini mgeni anayefika Tabora hupelekwa Kwihara, kwenye tembe la Livingstone, kisha hupanda basi lake akaondoka.

Majengo ya shule yana namna yake ya kusema. Aliyezoea kuyatazama anaona nyumba ya mkuu wa shule ilipowekwa ili jicho lake lifike uwanjani, chumba cha kiranja kilivyokaa mlangoni mwa bweni, na umbali uliopimwa kati ya nyumba za walimu wa Kizungu na za walimu Waafrika. Hayo hayamo katika kitabu chochote cha kiada. Na shule hazikufanana. Malangali, huko Mufindi, Mwingereza W. B. Mumford alijaribu jambo tofauti kabisa kuanzia 1928: aliwaita wazee waje kufundisha mila, na ngoma na kutupa mkuki vikaingia katika ratiba. Unaweza kumsifu au kumcheka, lakini jaribio hilo lilifanyika mahali, na mahali hapo pana kuta na viwanja vyake.

Sheria yetu nayo ina pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayakinga moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mlango uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika kabla ya 1940 nao umekingwa. Shule ya Tanga, iliyoanza miaka ya 1890 na ambako gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilianza kutoka mwaka 1904, haimo. Tabora haimo. Shule zote za serikali na za misheni zilizojengwa enzi za Mjerumani na Mwingereza zinabaki nje mpaka waziri mwenye dhamana azitangaze, mamlaka ambayo sheria hiyohiyo imempa.

Nimefundisha miaka mingi, na katika shule moja kongwe, ambayo jina lake naliacha, nilishuhudia ukarabati kwa macho yangu. Stoo ilihitajika iwe wazi kabla ya Jumatatu. Rejesta za wanafunzi, daftari za matukio ya shule na picha za timu za mpira zikatolewa nje na kuchomwa pamoja na magodoro yaliyooza. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mkandarasi alikuwa na tarehe ya kukabidhi kazi, na kwenye mkataba wake hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema karatasi hizo ni za nani.

Hata kwa hesabu ya starehe peke yake, majengo ya zamani hayakuwa ya kijinga. Kuta nene, dari ya juu na baraza ndefu viliwekwa kwa ajili ya joto, na anayelijua joto la Tabora la mwezi Oktoba ataelewa. Siku hizi tunang'oa dirisha la mbao lililofunguka lote, tunaweka la aluminiamu la kusukuma ambalo hufunguka nusu tu, halafu tunaomba bajeti ya feni.

Watasema wanafunzi wanahitaji maji na vitanda, si historia. Nakubali, wapewe maji kwanza. Lakini kupima jengo, kulichora na kulipiga picha ni kazi ya siku chache, na vyuo vyetu vimejaa vijana wa usanifu majengo wanaotafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 liliyaharibu vibaya majengo ya Ihungo, na shule ikajengwa upya. Ihungo ya leo ni nzuri, ila ni nyingine. Tetemeko halitoi taarifa. Mkandarasi hutoa.

Ombi langu kwa Wizara ya Elimu na kwa TAMISEMI ni kwamba kila mkataba wa kukarabati shule kongwe uwe na kifungu kinachozuia kugusa jengo kabla ya michoro na picha zake kukabidhiwa, nakala moja shuleni na nyingine Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Rejesta na daftari za zamani ziende hukohuko. Kwa waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale, aanze kwa kuzitangaza Tanga, Tabora na Malangali. Zilizobaki tutaendelea kumkumbusha.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro