Pesa za karo zisipotelee kwenye akaunti ya jumla

Mhariri,

Miaka michache iliyopita, sisi tuliosoma pamoja tulichanga pesa za karo ya mwanafunzi mhitaji, kwa kumkumbuka mwalimu wetu. Chuo kikatupa risiti iliyoandikwa "mchango" tu. Neno moja! Pesa zikaingia akaunti ya jumla, na hadi leo hatujui zilimfaa nani.

Watu wa Pwani tunaujua wakfu: shamba la minazi haliuzwi, hutumika nazi zake. Hata Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza kama MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, kwa michango ya akina Aga Khan na Sultani wa Zanzibar. Naviomba vyuo vikuu viandike hati kabla ya kupokea hata shilingi: kusudi la pesa, mtaji usioguswa, akaunti yake, na taarifa ya kila mwaka kwa waliotoa.

Msomaji wako,
Mombasa