Ziwa likifungwa, tusiiache mitumbwi ife juani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo sijaliona likiandikwa, ingawa limewagharimu watu wengi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Ni habari ya mtumbwi unapokuwa nchi kavu. Ukiwa ziwani kila mtu ana macho nao: maofisa wa uvuvi, vikundi vyetu vya BMU vinavyosimamia uvuvi ufukweni, wakusanya ushuru, hata wezi. Ukishavutwa ukaingia uani kwa mtu, hakuna anayeuliza tena unaendeleaje.

Mimi ni mkazi wa Ujiji na nina mitumbwi miwili ya mbao niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Siendi kuvua, lakini mbao nachagua mwenyewe, pamba ya kuzibia nanunua mwenyewe, na fundi akifanya kazi nakaa pale pale mpaka amalize. Kwa hiyo ninayoyasema nayajua.

Mwaka 2024 ziwa letu lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Siandiki kulaumu hatua hiyo. Migebuka ilikuwa imepungua na dagaa walikuwa wadogo mno, na ziwa hili tunachangia na Kongo, Burundi na Zambia, hivyo lazima tukubaliane. Miezi mitatu ya kula kwa shida tuliivumilia. Shida yangu ni kwamba tuliambiwa habari za nyavu, za leseni na za faini, lakini sikusikia mtu hata mmoja akituambia mitumbwi ya mbao tuiweke vipi kwa miezi mitatu ya kiangazi.

Tena mwaka ule maji ya ziwa yalikuwa yamepanda sana. Sehemu za ufukwe ambako zamani tungepanga mitumbwi safu kwa safu zilikuwa chini ya maji. Ndiyo maana wengi tuliivuta mpaka majumbani. Uani kwa watu pakajaa mitumbwi, mingine imeegeshwa ukutani kama mabati ya kuezekea, mingine imefunikwa nguo kuukuu. Wako walioipindua mgongo juu wakaona wamemaliza kazi.

Ziwa lilipofunguliwa, asubuhi za kwanza zilikuwa za huzuni. Mtumbwi unasukumwa majini, na kabla hata wavuvi hawajapanda, maji yameshaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu. Vijana wanachota kwa ndoo, maji yanarudi. Mafundi wakawa wanaitwa kila upande, bei ya kuziba ikapanda, na mtu aliyekaa miezi mitatu bila kipato akalazimika kukopa ili arudi kazini. Wengine hawakungoja fundi, waliingia ziwani usiku na mtumbwi unaovuja. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kinachotokea ni hiki. Ubao ukikauka husinyaa kwa upana wake, urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Mtumbwi umeundwa kwa mbao zilizolazwa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo kila ubao ukipungua kidogo tu, kila kiungo kinaachia. Pamba iliyosindiliwa kati ya mbao inalegea na kudondoka. Upande unaochomwa na jua hukauka kabla ya upande wa ndani, ubao unajipinda na misumari inaanza kutoka. Sasa ongeza upepo. Kuanzia Mei mpaka Agosti kwetu mvua imekatika na upepo mkavu unavuma kutoka kusini mchana kutwa. Jua peke yake lingechukua muda, lakini likisaidiwa na upepo ule, wiki chache zinatosha.

Na hawa wanaopindua mtumbwi mgongo juu, naomba wanisikilize kwa makini. Sehemu ya chini ya mtumbwi ndiyo inayoishi majini mwaka mzima, ndiyo iliyoshiba maji kuliko zote, na viungo vyake ndivyo vinavyotuweka hai. Ukiipindua bila kivuli umeichukua sehemu hiyo ukaikabidhi kwa jua la saa sita. Ni afadhali mtumbwi ukae kwa tumbo lake, jua lichome mbao za juu ambazo zimezoea. Ila usiulaze chini kwenye udongo. Kigoma tuna mchwa wasio na huruma. Ulaze juu ya magogo, yasipungue matatu, moja katikati na mawili kuelekea ncha, maana ukishikilia ncha mbili tu, uzito wa katikati utaupinda mtumbwi na hautanyooka tena.

Fundi wangu, mzee wa Kibirizi aliyeunda mitumbwi tangu ujana wake, alipokuja kuiangalia yangu mwezi ule wa Mei alisimama uani akatazama juu kabla ya kutazama mbao. Akaniuliza, “Mama, mwezi wa sita jua lako linapita wapi?” Nikamwonyesha upande wa kaskazini, juu ya choo cha jirani. Akasema, “Basi paa lako lishuke huko.” Nilimwelewa baadaye nilipofikiri. Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, kama nyuzi tano hivi. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini, lakini katika miezi ile ya kufungwa liko upande wa kaskazini kutwa nzima, tangu linapochomoza mpaka linapozama. Kwa hiyo tuliilaza mitumbwi ncha moja mashariki na nyingine magharibi, ubavu mmoja ukatazama kaskazini, na upande huo tukaliteremsha paa mpaka usawa wa kiuno. Ukiilaza kaskazini na kusini utahitaji kuziba pande mbili, asubuhi huku na jioni kule. Kwa sisi wenye uani padogo na nguzo za kuokoteza, kuziba upande mmoja badala ya mbili ni nafuu kubwa.

Paa lenyewe halikuwa la gharama. Nguzo za mkaratusi, fito, na matawi ya michikichi, ambayo Kigoma hayanunuliwi, unaomba tu mahali wanapovuna. Matawi yale yanazuia jua lakini yanaruhusu joto litoke juu. Bati ni zuri kwa nyumba, lakini ukiliweka chini karibu na mtumbwi linachemka na kuuoka. Mwenye bati aliinue mpaka mtu mzima asimame wima chini yake. Upande wa kusini nilitundika mikeka ya zamani kukata upepo, bila kuziba kabisa, kwa sababu hewa isipopita mbao zinaota ukungu.

Wengine waliniambia mbona wasijaze maji tu ndani ya mtumbwi. Kwa siku chache kabla ya kurudi ziwani ni sawa kabisa, nami nilifanya hivyo, mbao zikafura na viungo vikabana. Lakini miezi mitatu ya maji yaliyotuama uani, katika mkoa wenye malaria kama huu, ni kufuga mbu mlangoni pa watoto wako. Tena haya ni maji baridi, hayana chumvi, yakikaa sana kwenye ubao yanauozesha. Nilichofanya ni kutandika magunia ndani, juu ya viungo vya chini, na kuyalowesha jioni jua likishapoa, ili unyevu ukae usiku kucha. Asubuhi yalikuwa yamekauka, mbu hawakupata pa kutagia. Mbao za nje nilizipaka mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi. Najua wapo wanaopaka oili chafu ya magari, inazuia ubao kukauka, sikatai, lakini oili hiyo mwisho wake ni ziwani, kwenye maji tunayokunywa na kwenye samaki tuliowafungia ziwa wazaliane. Siwezi kuipaka.

Wenye boti za faiba wasidhani hayawahusu. Sasa boti hizi zinaongezeka, nyingine zimeletwa kwa mikopo ya serikali, na ni vyombo vizuri. Faiba haisinyai kama ubao, lakini jua linakula ngozi yake ya nje. Pitisha kiganja kwenye boti iliyokaa juani muda mrefu, utaona unga mweupe umebaki mkononi. Huo ni mwanzo. Ngozi ile ikiisha, nyuzi zinatokeza na maji yanapenya ndani yake. Mkopo bado unalipwa na boti imeshazeeka. Yale maturubai ya bluu ya plastiki yasiwadanganye. Jua linayachana vipande vipande katika muda mfupi, na yakifungwa yakakaza hufungia joto na mvuke ndani. Mwenye turubai alitandaze juu ya fito, libaki na nafasi ya hewa kati yake na boti, kisha atoe kizibo cha nyuma maji ya mvua yasikae.

Petroli isiachwe ndani ya boti. Tangi la plastiki likipigwa na jua linavimba na mvuke wake ni hatari kwa nyumba nzima, hasa kwetu ambako jiko la mkaa liko hatua chache kutoka pale boti ilipolala. Nyavu za nailoni nazo zikikaa juani zinakatika kama uzi wa zamani, ziingizwe ndani. Na majaketi okozi! Nimeyaona yametupwa juu ya mitumbwi miezi yote mitatu, yamepauka mpaka rangi ya machungwa imekuwa kama ya maziwa. Kitambaa kilichopauka hivyo kinachanika mikononi, na mikanda yake inakatika mtu akiivuta kwa nguvu. Mvuvi analivaa akiamini analo la kumwokoa. Msumari mmoja ukutani, ndani ya nyumba, ungetosha.

Sasa niseme ombi langu kwa Halmashauri, kwa maofisa wa uvuvi na kwa viongozi wa BMU. Ziwa likipangwa kufungwa tena, tangazo litolewe mapema na ndani yake yawemo maelekezo ya kuhifadhi vyombo. Mtu apewe nafasi ya kutafuta nguzo na matawi kabla hajaambiwa atoe mtumbwi. Kwenye mialo mikubwa ya kushushia samaki kama Kibirizi na Katonga, lijengwe banda la pamoja, refu, wazi pande mbili, kwa wale wasio na uani. Wapangaji ni wengi miongoni mwa wavuvi, na mwenye nyumba hakubali mtumbwi uzibe mlango wake.

Na kuna njia nyingine, ambayo wazee wanaijua na haihitaji hata nguzo moja. Mtumbwi wa mbao unaweza kuzamishwa kwenye maji ya kina kifupi mahali penye utulivu, ukawekewa mawe, ukalala humo mpaka utakapohitajika. Ziwa letu halina wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, na chini ya maji jua halifiki na ubao haukauki. Sisi watu wa Kigoma tusishangae hilo. Meli yetu ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 baada ya kupaka injini grisi nzito. Waingereza waliitoa mwaka 1924, injini zikakutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ile ni chuma na mtumbwi wangu ni ubao, najua, lakini kilichomharibia mtu mitumbwi yake mwaka 2024 ni jua na upepo, na chini ya maji hakuna hata kimoja.

Tatizo ni hofu. Wakati wa kufungwa, chombo kinachoonekana majini kinatiliwa shaka kwamba mwenyewe anatoroka usiku kwenda kuvua, na hakuna anayetaka kupelekwa kituoni kujieleza kuhusu mtumbwi aliouzamisha kwa nia njema. Kwa hiyo tunaomba utaratibu ulioandikwa: BMU itenge eneo, iandikishe kila mtumbwi unaozamishwa na namba yake, injini, nyavu na taa zibaki nchi kavu kwa mwenyewe, na siku ya kuutoa iwe moja kwa wote, mbele ya ofisa. Gharama yake ni daftari na mlinzi. Kama kuna sheria inayozuia, tuambiwe ni ipi, na kama hakuna, tupewe ruhusa hiyo kwa maandishi kabla ya ziwa kufungwa tena. Naomba wahusika wanijibu kupitia gazeti hili, kwa sababu wenzangu wengi hapa mwambaoni wanalisoma na wanangoja jibu hilo hilo.

Mama mwenye mitumbwi,
Ujiji, Kigoma