Wafungulieni watu wazima madarasa ya muziki asubuhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya kauli ninayoisikia kila panapozungumzwa masomo ya muziki hapa Unguja: kwamba ala wafundishwe watoto, na mtu mzima mwenye hamu yake akae kwenye viti asikilize. Jirani yangu, mama aliyekwisha kulea na kuozesha, alikwenda kuulizia fidla kwenye darasa moja la jioni. Alijibiwa kwa methali, "Samaki mkunje angali mbichi," akarudi nyumbani. Iliniuma sana. Methali hiyo ina haki yake kwenye malezi, lakini kwa muziki wetu haisemi kweli.

Taarab asilia imesimama juu ya makamu, yaani ngazi za sauti ambazo nyimbo hujengwa juu yake: rasti, bayati, sika, hijazi, nahawandi, ajam na nyenginezo. Baadhi yake zina sauti ambazo kinanda cha kawaida hakinazo, kwa kuwa zinakaa kati ya kibonye na kibonye. Chukua rasti. Sauti yake ya tatu iko chini kidogo ya ile ya ajam, na juu kidogo ya ile ya nahawandi. Shingo za fidla na udi hazina vyuma vya kugawa sauti kama gitaa, kwa hiyo sikio ndilo linaloamua kidole kikae wapi. Kikisogea upana wa punje ya mchele tu, makamu imeshaharibika, na wasikilizaji wa visiwani wanajua.

Sasa sikio hilo analo nani? Mtoto wa miaka 9 bado analijenga. Mtu wa miaka 55 aliyekulia hapa analo zamani: kasikia adhana alfajiri maisha yake yote, kaitikia kasida chuoni, kakaa kwenye maulidi mpaka usiku mkubwa, kapika huku redio ikipiga taarab. Nilipoanza fidla baada ya kustaafu uuguzi, mwalimu wangu aliniimbia bayati kwa herufi tupu, bila maneno. Nikaipokea pale pale, maana ilikuwa njia ya kasida niliyoiitikia tangu utotoni. Kazi ilikuwa mkononi. Kidole kidogo hakikutaka kufika, na upinde ukikwaruza kila unapogeuka. Lakini mkono hulegea kwa mazoezi, hata mkono wa mtu aliyekwisha kuwa bibi. Sikio huhitaji umri, na umri ndio tulionao.

Tukumbuke pia mlango huu aliingiaje mtu tunayemtaja kwa fahari kuliko wote. Siti binti Saad alikuwa mtoto wa Fumba, mfinyanzi, akiuza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911 akiwa mwanamke mzima, na huko ndiko alikofundishwa kuimba kwa taratibu za taarab, na mwalimu wake alikuwa mwanachama wa Nadi Ikhwani Safaa, klabu kongwe ya taarab. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Angejibiwa na yeye kwa methali ya samaki, leo tungekuwa tunaeleza historia gani? Hiyo Nadi yenyewe, iliyoasisiwa 1905, haikuanza kama skuli ya watoto. Ilianzishwa na watu wenye shughuli zao waliopenda muziki, wakaagiza ala kutoka Misri, wakajifunza.

Wapo watakaonijibu kwamba ala ni chache na walimu ni wachache. Ni kweli, wala sitaki mtoto anyang'anywe fidla apewe mstaafu. Ikibaki moja tu, apewe mtoto. Lakini watoto asubuhi wako skuli! Vyumba vya mazoezi vinafungwa kwa kufuli mpaka alasiri, na ndani ala zimelala. Sisi tuliostaafu, na kina mama ambao watoto wao wamekwisha kutoka asubuhi, saa 3 mpaka saa 6 tuna nafasi. Hapo hapana wa kugombania naye.

Na ala isiyopigwa haipumziki, inakufa. Itazameni kanuni, ile ala ya kuchuna inayolazwa mapajani. Ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na farasi, yaani kibao kinachozibeba, amekaa juu ya ngozi iliyowambwa, si juu ya mbao. Ikija masika, ngozi inanywa unyevu na kulegea, farasi anazama kidogo, na kanuni nzima inashuka sauti. Mpigaji anakaa na ufunguo wake, anakaza uzi mmoja mmoja, halafu anajaribu vile vibao vidogo vya chuma vya upande wa kushoto, vinavyoipandisha au kuishusha sauti ili makamu igeuke katikati ya nyimbo. Ndipo anavaa pete zake kwenye vidole viwili vya shahada na kuanza kuchuna. Kazi hiyo ikifanywa kila siku, ala inadumu. Kanuni ikifungiwa mvua mbili tatu, huifungui tena kupiga. Unaifungua kutafuta fundi, na mafundi wa kanuni hapa kwetu hawajai mkono.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002, kimeonesha kwamba makamu zinaweza kufundishwa darasani kwa mpango, mtu akatoka anasoma noti na anajua bashrafu, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia taarab. Nazisemesha zaidi klabu zetu za mitaani, zile zenye chumba, kabati la ala na wapigaji wakongwe ambao siku hizi kipato chao kinangoja msimu wa harusi. Wakongwe hao wapeni asubuhi mbili kwa wiki, na tangazeni wazi kwamba anayekaribishwa ni mtu wa umri wowote, mwanamke na mwanamme, hata kama hajawahi kushika ala. Ada tutalipa. Nyuzi zikikatika tutachangishana tuagize nyengine. Hatuombi kupanda jukwaani. Wengi wetu tutatosheka kukaa nyuma tukafuata bashrafu mpaka mwisho bila kupotea.

Jirani yangu bado anataka fidla. Klabu itakayokuwa ya kwanza kufungua asubuhi, nitakwenda naye mwenyewe kumuandikisha.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Unguja