Kabla Hamjapeleka Andiko la Ukumbi

Praha

Mpendwa rafiki yangu Kamau,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa watoto wote. Sisi huku hatujambo. Nimeshika kalamu kwa haraka kwa sababu Otieno ameniarifu kwamba andiko lenu la kuomba ukumbi wa barafu jijini Nairobi liko karibu kupelekwa, na kwamba limeomba uwanja wa kuteleza peke yake. Habari hiyo imeninyima raha.

Nakuomba muutazame kwanza ukumbi wa O2 Arena wa hapa Praha. Ulifunguliwa mwaka 2004 kwa ajili ya mashindano ya dunia ya hoki ya barafu, nao huchukua watazamaji wa mchezo huo wapatao 17,000. Hata hivyo, mwaka 2012 fainali ya tenisi ya Davis Cup ilichezwa humo, Wacheki wakaishinda Uhispania. Mwaka 2017 Federer na Nadal, magwiji wa tenisi, walicheza humo wakiwa upande mmoja. Na mwaka 2024 ilikuwa zamu ya barafu tena, Wacheki wakatwaa ubingwa wa dunia kwa kuifunga Uswisi 2-0. Katikati ya hayo yote kuna matamasha ya muziki, na hayo ndiyo jibu la kumpa Mzee Njoroge anayeuliza kila siku nani atalipa umeme.

Nimewahi kuwaona mafundi wakiandaa tamasha usiku. Barafu haikuyeyushwa, ilifunikwa kwa mbao nene za kuzuia joto, zikiunganishwa kipande kwa kipande. Nilipiga goti pale ambapo mbao zilikuwa hazijafika, nikaona mistari ya rangi ndani ya barafu isiyozidi kina cha vidole viwili. Chini yake kuna zege, na ndani ya zege kuna mabomba yanayopitisha kimiminika baridi kisichoganda.

Mabomba hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Lazima yalazwe kabla zege halijamwagwa, kwa maana kuyaongeza baadaye ni kuvunja sakafu nzima. Andikeni pia mitambo ya kukausha hewa, kwa kuwa unyevu huleta ukungu ndani ya ukumbi na matone yanayoharibu barafu. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ina nafuu kubwa kuliko Mombasa katika jambo hili.

Asije mtu akawaambia kwamba barafu si yetu. Vijana wa Ice Lions, timu yetu ya hoki ya barafu, walikulia katika uwanja mdogo wa hoteli ya Panari jijini Nairobi, usiofikia mita 60 kwa 30 za viwanja vikubwa, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo. Vijana hao wanastahili nafasi ya kukimbia, na jiji linastahili ukumbi usiofungwa mlango siku ambayo hakuna mechi.

Je, mhandisi wenu amewahi kukagua ukumbi wa namna hii? Kiwanja mlichoahidiwa kina njia ya malori ya jukwaa na vyombo vya muziki? Mwalimu wa timu ameshirikishwa, au ameachwa nje kama mara ile? Na je, unaweza kunitumia rasimu kabla ya kikao, hata kama haijakamilika? Nitaisoma usiku huo huo na kukujibu kabla hakujakucha.

Ndugu yako,
Barasa