Imbwa mbili ku masomo yetu ya Ndosho: bazazi tukotize

Jambo bapapa na bamama, jambo bajirani ba Ndosho, na bale batoto betu ba zamani beko Kampala, Bujumbura, Ulaya ao fasi yoyote. Hapa ni komite ya bazazi njo inaandika. Tunajua kuko benye batasema komite imekosa kazi, maana tunakuja kuomba makuta ya imbwa mbili za kutuliza batoto mu klase, mu Goma hii yenye watu banalala na njaa, lakini musome kwanza mpaka mwisho, kama ni kututukana mututukane nyuma.

Tangu vita ya mwezi wa kwanza 2025, kuko batoto benye banaingia mu klase lakini roho yao haiko pale. Radi ikipiga, na munajua vile radi inapigaka hapa kwetu, mutoto anaruka chini ya meza na kutoka pale ni kazi. Kuko benye balitoka ku kambi za bakimbizi ba vita za Mugunga, banakumbuka bomu za mwezi wa tano 2024, na bale bakubwa ba mwaka wa sita bangali na kumbukumbu ya volkano ya Nyiragongo ya 2021, usiku ule tulikimbia na godoro ku kichwa. Kuko binti moja alikuwa anasoma muzuri sana, sasa mwalimu akimuita asome kwa sauti ananyamaza tu, machozi njo inajibu. Psikologe hatuna. Mwalimu naye ako na batoto wengi mu klase moja, na yeye pia alipita mu ile vita, nani anamuuliza yeye amelala namna gani?

Sasa imbwa inaingia wapi. Mu miaka ya 1960 kulikuwa psikologe wa batoto kule New York, Boris Levinson, aliandika vile mutoto mwenye alikuwa amejifunga kabisa alianza kwanza kucheza na imbwa yake Jingles, na kupitia Jingles njo daktari akapata njia ya kumufikia. Kutoka pale kazi ikaendelea, na mu 1999 kule Salt Lake City balianzisha programu yenye mutoto anakaa chini anasomea imbwa kitabu, basi. Imbwa haicheki, haisahihishe, haiangalie saa. Mu 2019 bachunguzi ba univerisite moja ya Marekani balipima mate ya banafunzi, bakakuta dakika 10 za kupapasa imbwa na paka zinashusha kortizoli, ile homoni ya kuhangaika, lakini tuseme ukweli, bale ni banafunzi bazima ba univerisite, siyo batoto ba Ndosho.

Mufano wenye ulitushika sisi uko karibu, ni Gulu, kaskazini ya Uganda, kwenye watu balipita mu vita ya miaka mingi. Pale Francis Okello Oloya, mwenye alipofuka angali mutoto ju ya bomu yenye ililipuka, alianzisha Comfort Dog Project. Imbwa zao siyo za kizungu, ni zile zile za barabara, banazipatia chanjo, banazihasi, banazifundisha, nyuma mutu mwenye vita ilimuumiza anachukua moja anaishi nayo na anaifundisha yeye mwenyewe. Gulu banaweza, sisi tunashindwa nini? Na imbwa ya kazi siyo kitu kipya kwetu, hata Rumangabo barinzi ba parke ya Virunga balikuwa nazo za kunusa, ila zile zilikuwa za kufuata majangili, mu klase hapana.

Tunataka mbili tu, za hapa hapa, zenye zilishachunguzwa kwamba ukizigusa sikio ao mukia, ao mulango ukijifunga kwa nguvu, hazishtuke wala haziume. Kila moja iko na mutu wake mwenye anashika kamba saa yote, inakaa mu klase muda kidogo, inaenda kupumzika. Mutoto mwenye anaogopa hatalazimishwa, mwenye ana asima atakaa mbali, na bandugu zetu Baislamu tulishaongea nao, batoto babo banaweza kusoma bila kugusa na maji ya kunawa itakuwa ku mulango.

Lakini kazi kubwa ni kichaa cha mbwa, na hapa njo karibu nusu ya makuta inaenda. Shirika la Afya Duniani linasema karibu visa vyote vya watu vinatoka ku imbwa, na kati ya watu kumi benye banakufa, bane ni batoto ba chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana hakuna dawa. Sasa utaleta je imbwa mbili za chanjo ku masomo na zenye ziko inje ya mulango hazina chanjo? Ili ugonjwa ukatike inaomba asilimia 70 ya imbwa za fasi zipate chanjo, kwa hiyo veterineri atachanja imbwa za kartie yetu, bure. Na batoto batafundishwa: ukiumwa, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, nyuma mbio ku hopitali, siyo ku mganga.

Tunatafuta dolari 900. Chanjo na veterineri ni 430, mafunzo ya bale bawili ba kushika imbwa ni 240, na 230 ni dawa ya minyoo, sabuni, kamba na chakula ya mwaka, chakula yenyewe ni fufu na mabaki ya samaki ndogo za sambaza, hakuna nyama ya kununua. Franka elfu mbili inakubalika, hata elfu moja. Banki munajua hali yake, kwa hiyo ni mobile money ao mukononi kwa mweka hazina, numero imebandikwa ku mulango wa ofisi ya direktere, hatuiandike hapa ju ya bwizi. Hesabu yote itasomwa ku mukutano wa bazazi, kila mutu ako na ruhusa ya kuuliza.

Siku ya chanjo tutaitangaza ku makanisa na ku muskiti. Mwenye ako na imbwa ku nyumba ailete, lakini tafazali, na kamba.