Magunia 10 ni ya nani? Barua kwa mpwa wangu anayesoma uchumi

Mpwa wangu, hujambo na masomo?

Huku Newala korosho zimeanza kudondoka, na mama yako ananiambia takwimu za mwaka wa kwanza zinakutoa jasho: fomula umezikariri zote, majibu yanakugomea. Ukikariri fomula kabla ya kujua inajibu swali gani, mwalimu akigeuza swali kidogo tu umekwama. Nakuandikia hadharani kwa sababu wenzako wengi wanakwama hapohapo ulipo. Wanachanganya vitu viwili: jinsi watu wanavyotofautiana, na jinsi wastani wenyewe unavyoyumba. Chukua karatasi na kalamu, kikokotoo kiweke pembeni kwanza.

Tuseme umewauliza wakulima sita, kila mmoja msimu huu amepeleka magunia mangapi kwenye chama cha msingi cha ushirika. Wamejibu 4, 5, 6, 6, 7 na 32. Namba nimezitunga mimi, ila sura yake si ngeni kwako: wengi wana vishamba vya kawaida, halafu yupo mmoja mwenye mikorosho mpaka upeo wa macho. Jumla ni 60. Gawanya kwa 6, wastani ni 10.

Sasa niambie, hayo magunia 10 ni ya nani? Hayupo. Watano wako chini yake, mmoja yuko juu sana. Zipange namba kwa ukubwa, chukua mbili za katikati, 6 na 6: mediani ni 6, na hiyo inafanana na mkulima unayemkuta njiani. Hata yule wa mwisho angepeleka magunia 320, mediani ingebaki 6.

Lakini usikimbilie kusema wastani ni mbaya, maana nalo hilo ni kosa la wengi. Mwenye ghala akikuuliza ajiandae kupokea magunia mangapi kutoka kwa wakulima 200, mediani haitamsaidia chochote. Wastani mara idadi ya watu unakupa jumla. Mediani mara idadi ya watu haikupi kitu. Uliza kwanza nani anataka jibu na atalifanyia nini, ndipo uchague.

Twende kwenye mtawanyiko. Toa 10 kutoka kila namba, tofauti hizo zinaitwa mikengeuko: unapata −6, −5, −4, −4, −3 na +22. Zijumlishe, zinakuwa sifuri. Zitakuwa sifuri kila mara, kwa hiyo kama hazikufika sifuri umekosea mahali, rudi nyuma. Ziweke kwenye kipeo cha pili: 36, 25, 16, 16, 9 na 484, jumla 586. Itazame hiyo 484. Mkulima mmoja ndiye aliyebeba zaidi ya asilimia 80 ya jumla yote. Kipeo cha pili kinampendelea aliye mbali, na ndiyo maana ukiandika namba moja vibaya kwenye dodoso, 32 ikawa 320, hesabu nzima inaharibika.

Sasa unagawanya kwa 5, si kwa 6. Wanafunzi huandika "n kutoa 1", n ikiwa idadi ya uliowauliza, kama ibada, hawaulizi kwa nini. Sababu ni kwamba wastani wa kweli wa wakulima wote huujui. Umetumia wastani wa sampuli yako, na wastani huo umetoka kwa wakulima haohao, kwa hiyo umekaa karibu nao kuliko unavyopaswa. Mikengeuko inatoka midogo mno. Tena, ukishajua mikengeuko mitano, wa sita umejulikana bila kuutafuta: hiyo mitano ya mwanzo jumla yake ni −22, basi wa mwisho lazima uwe +22. Taarifa zilizo huru ni tano tu. 586 kwa 5 ni 117.2, hiyo ndiyo variansi, na kipimo chake ni magunia ya kipeo cha pili, kitu kisichopimika kwenye mzani wowote. Tafuta kipeuo chake cha pili (√), 10.83. Huo ndio mkengeuko sanifu, na sasa tumerudi kwenye magunia.

Ona kwamba 10.83 ni kubwa kuliko wastani wenyewe. Kwa vitu visivyoweza kushuka chini ya sifuri, kama magunia, mapato au ekari, hiyo ni dalili kwamba data zimevutwa upande mmoja. Ukiiona, rudi ukazitazame namba moja moja kabla ya kuendelea.

Tahadhari ya vyombo. Kwenye vikokotoo vingi kuna alama mbili zinazokaribiana: σ inayogawanya kwa n, na s, au σ yenye n−1, inayogawanya kwa n kutoa 1. Kwa sampuli hii ya kwanza itakupa 9.88 na ya pili 10.83. Kwenye Excel, STDEV.P ni ya kundi zima na STDEV.S ni ya sampuli. Alama nyingi za mtihani hupotelea hapa, si kwenye hesabu.

Tumefika palipo na mwiba. Fikiria darasani mko 100, na kila mmoja ametumwa kuuliza wakulima sita wake. Mmoja atarudi na wastani wa 6. Mwingine amekutana na wenye mashamba makubwa wawili, atarudi na 15. Mtakuwa na wastani 100, nazo zimetawanyika. Mtawanyiko wa hizo wastani ndio unaoitwa kosa sanifu, na neno kosa hapa halina maana kwamba kuna aliyekosea. Unalikadiria kwa kugawanya mkengeuko sanifu kwa kipeuo cha pili cha n: 10.83 kwa 2.449 ni 4.42.

Mkengeuko sanifu unaeleza wakulima. Kosa sanifu linaeleza kadirio lako. Ukiuliza watu wengi zaidi, kosa sanifu linashuka, lakini mkengeuko sanifu haushuki kwa sababu hiyo, maana wakulima hawaanzi kufanana ati kwa kuwa wewe umeongeza madodoso. Na kwa kuwa kuna kipeuo, ukitaka kosa sanifu lipungue nusu, sampuli iwe mara nne: kutoka 6 kwenda 24. Wanaopanga bajeti ya utafiti wanaijua bei ya hicho kipeuo.

Sasa masafa ya asilimia 95, yaani mipaka miwili, ya chini na ya juu, ya kukadiria wastani wa kweli. Unazidisha kosa sanifu kwa namba fulani, na vidole vitataka kuandika 1.96. Ukifanya hivyo unapata 10 kuongeza au kutoa 8.7, yaani 1.3 hadi 18.7, na jibu linapendeza. Lakini 1.96 ni ya sampuli kubwa. William Sealy Gosset, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, alikuwa na tatizo lako hili la sampuli ndogo, na mwaka 1908 akachapisha dawa yake kwa jina la kificho, Student. Ndiyo t unayoiona nyuma ya kitabu. Kwa digrii 5 za uhuru, ndizo zile taarifa tano zilizo huru, t ni 2.571. Zidisha kwa 4.42 unapata 11.4, na masafa yanakuwa −1.4 hadi 21.4.

Magunia hasi! Hesabu ni sahihi kabisa. Sampuli ndiyo isiyostahili hesabu hii. Ni ndogo, na imevutwa upande mmoja. Usiifiche hiyo −1.4 wala usiibadilishe kuwa sifuri kimyakimya. Andika kwamba watu sita hawatoshi kukadiria wastani hapa, toa mediani, na zionyeshe namba zote sita, hazimalizi hata mstari mmoja. Kama mngekuwa 24 na mkengeuko sanifu uleule, kosa sanifu lingekuwa 2.21, t ni 2.069, na masafa 5.4 hadi 14.6.

Usiandike pia kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 wastani wa kweli kuwa ndani ya masafa hayo. Asilimia hiyo ni ya njia: darasa zima likiitumia njia hii kwenye data zinazoifaa, kama 95 kati ya mlio 100 mtakuwa mmeufunika wastani wa kweli. Yako yamo au hayamo.

Na kuna gonjwa ambalo hakuna n itakayoliponya. Hao sita uliwapata wapi? Kama ulikaa mlangoni mwa ghala siku ya kupokea korosho, umewapata waliofika ghalani. Aliyeuza mapema kwa kangomba, yaani nje ya mfumo rasmi, kwa sababu mtoto aliumwa hayumo. Aliyekosa salfa ya kupulizia mikorosho, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, ukamla maua, hayumo. Hata ukiuliza watu 2,000 pale mlangoni, utapata kosa sanifu dogo sana lililozunguka jibu lisilo sahihi.

Kwa hiyo ukija likizo, usianzie ghalani. Omba kwa mtendaji wa kijiji orodha ya kaya. Kama kaya ni 480 na unataka 24, hatua yako ni 20. Andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, chomoa kimoja. Ukipata 7, chukua kaya ya 7, ya 27, ya 47, mpaka ya 467. Angalia kwanza kama orodha haina mpangilio unaojirudia. Kaya isiyo na mwenyewe utairudia jioni, na kesho yake tena, usiruke kwenda kwa jirani aliyepo barazani. Na aliyepeleka magunia sifuri, andika sifuri. Nafasi tupu iache kwa yule ambaye hukumpata kabisa.

Mjomba wako,
Newala